Umbo Ndani ya Dirisha: Misingi ya Uchoraji Katika Programu za Kompyuta

   

Kusudi langu ni kuonyesha kwamba kuchora umbo dogo kabisa ndani ya dirisha la programu kunamlazimisha mwanafunzi aielewe kompyuta yenyewe, na kwamba wanafunzi wetu wengi wanairuka hatua hii. Wanaanza na vipande vilivyokwisha kutengenezwa na wengine: wanabandika vitufe, wanabandika picha, programu inakubali, na mwalimu anatoa alama. Siku umbo linapotoweka kwenye skrini hawajui pa kuanzia. Hawajui kwa sababu hawajaambiwa jambo moja la msingi, ambalo ndilo nililolijia hapa: mchoro haukai kwenye skrini. Mchoro unakaa katika data za programu, na kazi ya programu ni kuwa tayari kuuchora upya wakati wowote utakapotakiwa.

Nitalifikia jambo hilo kwa hoja tano. Si zote zenye urefu mmoja, kwa maana nyingine zina nyama zaidi. Mifano yangu nitaitoa katika Java na Python, kwa kuwa ndizo lugha ninazofundishia.

Hoja ya kwanza: skrini ni vyumba vinavyohesabika

Skrini ya kawaida ya leo ina vyumba vidogo, viitwavyo pikseli, 1920 kwa mlalo na 1080 kwa wima. Zidisheni, mtapata pikseli 2,073,600. Kila chumba kinabeba rangi moja tu kwa wakati mmoja, na rangi hiyo imeundwa kwa viwango vitatu, vya nyekundu, kijani na bluu, kila kimoja kikianzia 0 hadi 255. Ndiyo maana tunasema kuna rangi 16,777,216 za kuchagua. Hakuna nusu ya chumba. Umbo lolote mnaloliona, hata herufi za jina lako, ni uamuzi kuhusu vyumba gani vipakwe na vipi viachwe.

Vyumba hivyo huhesabiwa kuanzia pembe ya juu kushoto. Mhimili wa mlalo unaongezeka kuelekea kulia, kama tulivyozoea katika hisabati, lakini mhimili wa wima unaongezeka kuelekea chini. Jambo hili linawasumbua sana vijana waliotoka sekondari wakiwa wamekariri grafu zinazopanda juu. Sababu yake ni ya kihistoria: mwali wa elektroni katika bomba la televisheni ulianza juu kushoto, ukapita mstari kwa mstari kushuka chini, na kumbukumbu ya picha ikapangwa kwa mfuatano uleule. Lugha ya PostScript ya kampuni ya Adobe, iliyotoka mwaka 1984 kwa ajili ya uchapaji, ilirudi kwenye desturi ya wanahisabati na kuweka asili, yaani sifuri, chini kushoto. Kwa hiyo swali la kwanza la mchoraji, kabla hajaandika amri yoyote, ni hili: hapa nilipo, sifuri iko pembe ipi?

Kuna kitendawili kingine kidogo ambacho naomba tukitazame kwa karibu. Katika Java, ukitoa amri ya drawRect kwa upana wa 100 na urefu wa 50, utapata mstatili unaofunika pikseli 101 kwa 51. Ukitoa amri ya fillRect kwa vipimo hivyohivyo, utapata 100 kwa 50 kamili. Mwanafunzi anayejaza mstatili kisha akauzungushia mpaka kwa namba zilezile, anakuta mpaka wa kulia na wa chini umekaa nje ya rangi. Anadhani kompyuta imekosea. Haijakosea. Katika Java, namba za mahali huelekeza kwenye mistari isiyo na unene inayopita katikati ya pikseli na pikseli, na kalamu ya kuchorea inaning'inia upande wa chini na wa kulia wa mistari hiyo. Kujaza ni kupaka kilichomo ndani ya mistari. Kuchora mpaka ni kuitembeza kalamu juu ya mistari yenyewe. Mkishaelewa tofauti hiyo, pikseli ile ya ziada haiwashangazi tena.

Hoja ya pili: mstari ni uamuzi, hatua kwa hatua

Naomba kila mwenye daftari la hesabu, lile lenye vyumba vidogo vya mraba, alifungue. Tunataka kuchora mstari kutoka chumba cha 0,0 hadi chumba cha 7,3. Kwa zoezi hili tu, tuhesabu wima kwenda juu. Kwa kila hatua ya kulia, mstari halisi unapanda tatu ya saba, yaani sifuri nukta nne na ushei. Hakuna chumba cha sifuri nukta nne. Tufanyeje?

Aliyelijibu swali hili kwa ustadi ni Jack Bresenham, aliyekuwa akifanya kazi IBM huko San Jose, Marekani. Mwaka 1962 alihitaji kuendesha mashine ya kuchorea kwa kalamu, na mwaka 1965 kanuni yake ikachapishwa katika jarida la IBM Systems Journal. Uzuri wake ni kwamba haigusi desimali hata kidogo. Inatumia kujumlisha na kutoa namba kamili tu.

Fuateni nami. Tunaweka hesabu ya pembeni, tuiite deni. Deni linaanza kwa mara mbili ya mpando, ukitoa mwendo: mara mbili ya 3 ni 6, toa 7, linabaki hasi 1. Paka chumba cha kwanza. Sasa, kila ukitaka kusogea kulia, tazama deni. Kama si chanya, baki kwenye mstari uleule, ongeza 6. Kama ni chanya, panda chumba kimoja, toa 14, kisha ongeza 6. Haya: hasi 1, hatupandi, deni linakuwa 5. Ni chanya, tunapanda, linakuwa hasi 3. Hatupandi, linakuwa 3. Tunapanda, linakuwa hasi 5. Hatupandi, 1. Tunapanda, hasi 7. Hatupandi, tumefika. Someni vimo vya vyumba vyenu: 0, 0, 1, 1, 2, 2, 3, 3. Vyumba vinane, na kila kimoja ndicho kilicho karibu zaidi na mstari wa kweli. Aliyepata tofauti arudie hatua ya deni lilipokuwa 3. Hapo ndipo wengi husahau kuongeza 6 baada ya kutoa 14.

Nimewapitisha hapo taratibu kwa makusudi. Mwanafunzi aliyeifanya kazi hii kwa penseli anajua kwa nini mstari wa mshazari kwenye skrini una ngazi ngazi. Anajua pia kwamba kulainisha kingo, yaani kupaka vyumba vya jirani rangi hafifu ili jicho lisizione ngazi, ni kazi ya ziada juu ya hii. Java haiifanyi mpaka uiombe.

Duara nalo lina historia ya aina hiyo. Bill Atkinson wa Apple, aliyeandika QuickDraw, maktaba ya uchoraji ya kompyuta za Lisa na Macintosh, alikuwa na prosesa ya Motorola 68000 isiyokuwa na namba za desimali. Duara kwa kawaida hudai kipeuo cha pili, na kipeuo ni kazi nzito kwa mashine kama hiyo. Atkinson alitumia jambo ambalo kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kulihakiki: ukijumlisha namba witiri kwa mfuatano, unapata namba zilizozidishwa kwa zenyewe. 1 ni 1. 1 na 3 ni 4. 1 na 3 na 5 ni 9. Kwa njia hiyo alipata duara na duaradufu kwa kujumlisha tu, tena kwa kasi. Andy Hertzfeld, mmoja wa waliotengeneza Macintosh, amesimulia kwamba Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wa Apple, hakuridhika. Alitaka na mistatili yenye pembe za mviringo, akamtoa Atkinson nje kutembea huku akimwonyesha vitu vyenye pembe za namna hiyo, hadi alama ya barabarani ya kukataza maegesho. Atkinson alikwenda kuitengeneza. Leo vitufe vya simu zenu karibu vyote vina pembe hizo.

Neno moja la vitendo kabla ya kuendelea. Katika maktaba nyingi za kompyuta za mezani, duara haliombwi kwa kitovu na nusu kipenyo. Linaombwa kwa mstatili unaolizunguka. Ukitaka duara la kitovu 200,150 na nusu kipenyo 40 katika Java, utaanza 160,110 na kutaja upana 80 na urefu 80. Katika Tkinter, maktaba ya madirisha ya Python, utataja pembe mbili: 160,110 na 240,190. Kijana asiyejua hili huona duara lake limesogea kulia na chini, akaanza kubahatisha namba.

Hoja ya tatu: mchoro haukai kwenye skrini

Hapa ndipo penye moyo wa maneno yangu.

Mwanafunzi ameandika programu yenye kitufe. Ukikibonyeza, duara jekundu linatokea. Anafurahi. Kisha analishusha dirisha hadi kwenye upau wa chini, analirudisha, na duara halipo. Anabonyeza tena, linarudi. Analivuta dirisha kulipanua, linatoweka. Nimeliona tukio hili katika kila kundi nililolifundisha. Alichofanya ni kuiomba Java zana ya kuchorea papo hapo ndani ya amri ya kitufe, akapaka pikseli, akaondoka. Pikseli hizo hazikuwa zake. Mfumo wa uendeshaji ulipolirudisha dirisha, ulimwambia: chora ulichonacho. Naye hakuwa na chochote cha kuchora.

Utaratibu huu umetokana na uhaba wa kumbukumbu. Windows ya kwanza, iliyotoka Novemba 1985, ilidai kumbukumbu ya kilobaiti 256 tu. Haikuwezekana kutunza nakala ya picha ya kila dirisha katika nafasi hiyo. Ikawa mfumo unatuma ujumbe kwa programu, unaoitwa WM_PAINT, ukimaanisha kwamba sehemu hii ya dirisha lako imeharibika, ipake upya. Java ilirithi mtindo huo kupitia Swing, maktaba yake ya madirisha, kwa amri ya paintComponent. Kuanzia Windows Vista mfumo hutunza picha za madirisha, kwa hiyo dirisha likifunikwa na jingine halidaiwi kuchorwa tena kila mara, lakini ukibadilisha ukubwa wake deni linarudi palepale.

Basi namna sahihi ni hii. Kitufe hakichori. Kitufe kinaandika katika data: sasa kuna duara, kitovu chake ni hapa, rangi yake ni nyekundu. Kisha kinaiomba Java, kwa repaint, ipange zamu ya kuchora. Zamu ikifika, paintComponent inasafisha uwanja, inasoma data, na kuchora kila kilichomo, tangu mwanzo. Kila mara. Msiogope kazi hiyo kurudiwa. Kwa maumbo machache ya darasani, mashine inaimaliza kabla jicho halijagundua. Tena Swing huchora kwanza pembeni katika kumbukumbu, ndipo ikaleta picha nzima kwenye dirisha, na ndiyo maana hamwoni kumetameta.

Wapo watakaosema kwamba Tkinter imeshaondoa tatizo hili. Kwa sehemu, ni kweli. Turubai yake inayakumbuka maumbo yenyewe: ukitengeneza duara unapewa namba yake, na kwa namba hiyo unaweza kulisogeza au kulibadili rangi bila kuandika amri ya kuchora upya. Lakini panueni dirisha, mtaona maumbo yamebaki na ukubwa wao wa zamani, yamejikusanya kwenye pembe ya juu kushoto. Turubai inakumbuka namba ulizoipa. Haijui ulikusudia nini. Kusudio hilo, kwamba duara liwe katikati na lichukue theluthi ya upana, lazima liandikwe na wewe.

Wazo la kuutenga mchoro na skrini si jipya. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, akiwa mwanafunzi wa udaktari MIT, aliwasilisha Sketchpad, programu iliyoendeshwa kwenye kompyuta ya TX-2 kwa kalamu ya mwanga. Ndani yake mstari ulikuwa kitu chenye uhusiano na vitu vingine. Mtumiaji aliweza kuagiza kwamba mistari miwili iwe sambamba, na ikawa. Aliweza kuchora umbo moja la mfano, akaliweka mara nyingi katika mchoro, kisha akabadili lile la mfano na nakala zote zikabadilika. Miaka zaidi ya 60 imepita. Kijana wetu anayepaka pikseli na kuondoka bado hajafika alipofika Sutherland, na kosa si lake; ni letu sisi walimu.

Hoja ya nne: mfuatano na mipaka, kwa mfano wa bendera

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni bendera ya Tanzania. Watu wanaiona rahisi: kijani juu upande wa mlingoti, bluu chini upande wa pili, na mkanda mweusi wa mshazari wenye kingo za njano, unaopanda kutoka pembe ya chini ya mlingoti. Uwiano wake ni 2 kwa 3, kwa hiyo tuchukue upana 600 na urefu 400. Unene wa mkanda nitakaoutaja ni wa zoezi tu.

Kwanza ni mfuatano. Kinachochorwa baadaye hukaa juu ya kilichotangulia. Jaza mstatili wote kwa bluu. Juu yake weka pembetatu ya kijani: 0,0, kisha 600,0, kisha 0,400. Kumbukeni wima inashuka, kwa hiyo pembe ya chini kushoto ni 0,400. Kisha mshazari wa njano wenye unene wa 130, na juu yake mweusi wenye unene wa 90, ili njano ibaki 20 kila upande. Geuzeni mfuatano wa hii miwili ya mwisho, mweusi unapotea wote.

Pili ni mipaka. Bendera ikijaza dirisha zima, yote yanaonekana sawa. Iwekeni katikati ya dirisha lenye nafasi pembeni, mtaona pembe za ule mkanda zimechomoza nje ya bendera, chini kushoto na juu kulia. Ncha ya mstari mnene hukatwa kwa pembe mraba na mwelekeo wake wenyewe, haijali ukingo wa bendera. Katika Java tiba ni kuweka mpaka wa kuchorea kwa clipRect kabla ya kuchora mkanda. Turubai ya Tkinter haina mpaka wa namna hiyo kwa umbo mojamoja, kwa hiyo inabidi kukokotoa, na hapa ndipo wanafunzi wazuri hung'aa.

Mkanda uliokatwa na bendera si mstari tena. Ni umbo la pembe sita. Mshazari wa 600 kwa 400 una urefu wa karibu 721. Nusu ya unene wa njano ni 65. Zidisha 65 kwa 721, gawa kwa 400, unapata 117: hapo ndipo ukingo wa mkanda unapogusa upande wa chini. Gawa kwa 600 badala ya 400, unapata 78: huo ndio umbali kutoka pembeni kwenye upande wa wima. Pembe sita za njano ni 0,400, kisha 117,400, kisha 600,78, kisha 600,0, kisha 483,0, na mwisho 0,322. Mweusi, wenye nusu unene wa 45, hufuata njia hiyohiyo kwa 81 na 54. Sasa badala ya 600 wekeni upana wowote unaoenea katika dirisha, badala ya 400 theluthi mbili ya upana huo, na unene wa mkanda ufuate uwiano uleule, na bendera itapanuka na kusinyaa bila kuharibika. Bendera haimo tena katika pikseli. Imo katika uwiano, na programu inaweza kuichora kwenye skrini yoyote itakayopewa.

Hoja ya tano: tufundishe sasa, kwa vifaa tulivyonavyo

Nitakuwa mfupi. Naambiwa mara kwa mara kwamba somo hili linahitaji mashine mpya na intaneti ya uhakika. Halihitaji. Kisakinishi cha Python kwa Windows huja na Tkinter ndani yake. Kwenye baadhi ya Linux kifurushi chake huongezwa mara moja tu. Kompyuta kuukuu isiyounganishwa na chochote inatosha kwa kila zoezi nililolitaja leo, na daftari la hesabu linatosha kwa hoja ya pili yote.

Na elimu yenyewe haichakai upesi. Skrini za sasa zinazidi kuwa na pikseli nyingi, 3840 kwa 2160, mara nne ya ile niliyoanza nayo. Aliyezoea kuandika namba za pikseli moja kwa moja anaweza kuona programu yake imekuwa ndogo kama stempu. Aliyezoea uwiano hatabadili mengi. Uchoraji ndani ya kurasa za wavuti nao unatumia kalamu, ujazo, njia na mipaka ileile, na asili yake ni pembe ileile ya juu kushoto.

Walimu wenzangu, nawaomba muhula ujao tuwape wanafunzi mazoezi matatu kabla hawajagusa kitufe chochote: mstari wa Bresenham kwa penseli, duara linalorudi baada ya dirisha kushushwa na kupandishwa, na bendera inayobadilika kufuata ukubwa wa dirisha. Wakuu wa vyuo mliopo, toeni saa mbili za maabara kwa wiki kwa ajili ya hayo. Na ninyi wanafunzi, msisubiri muhula. Aliyehesabu pamoja nami leo vyumba vinane vya ule mstari tayari ameanza. Usiku huu aandike kanuni hiyo katika Python, kesho aje anionyeshe.